Mafuta ya Jumamosi

Alikuwa na miguu mikubwa. Naanza na miguu kwa sababu ndiyo tuliyoijua kwanza. Tulisikia kandambili zake zikipiga sakafu ya bweni, pwa, pwa, pwa, kutoka mlango wa mbali, na kila mwenye kosa alipata nafasi ya kulificha. Aliyekuwa anakula mkate kitandani aliumeza. Waliokuwa wanagombana walishikana mikono kama mapacha. Nilipofika kidato cha nne na kupata ujasiri kidogo, nilimwuliza kwa nini asinunue raba zisizo na kelele akatukamata wote. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua.

"Nikiwakamata wote nitalala saa ngapi?"

Tulimwita Matroni. Jina alikuwa nalo, lakini hakuna aliyelitumia, na yeye hakulipenda, kwa hiyo na mimi naliacha. Shule yetu ilikuwa ya wasichana, ya bweni, juu ya kilima nje kidogo ya mji wa Mbinga, na matroni ndiye mama, askari, nesi na hakimu kwa mshahara mmoja. Yeye naye hakutuita kwa majina. Alituita kwa tulikotoka. "Wewe wa Litembo, shuka yako inanuka." "Wewe wa Mbamba Bay, punguza kucheka." Mimi nilikuwa wa Kingerikiti. Tulikuwa wawili tuliotoka huko, lakini mwenzangu alikuwa "yule mrefu wa Kingerikiti". Mimi nilikuwa wa Kingerikiti basi, bila nyongeza.

Alikuwa Mnyasa wa Lituhi, kando ya ziwa, na hakutuacha tusahau. Milima yetu aliiona kama adhabu. Kuanzia Mei, ukungu ulipoanza kukaa bondeni mpaka saa nne asubuhi, alijifunga vitenge viwili, sweta, na juu yake koti la mwanamume, akazunguka akilaani baridi kwa Kinyasa na kuomba radhi kwa Bikira Maria kwa Kiswahili. Misa hakukosa hata siku moja. Alikaa benchi la mwisho na kusinzia kuanzia mahubiri, kisha akaamka wakati wa sadaka kana kwamba mtu kamgusa. Umbeya aliuchukia hadharani, akatutoza adhabu ya kufagia, na hapo hapo alijua nani kaachwa na nani, mwalimu gani hasalimiani na nani, na bei ya usipa, dagaa wa kwao, huko Lituhi wiki ile. Aliogopa vyura. Nimemwona mtu mzima yule, aliyewahi kumtoa mwizi uani kwa ufagio, amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa akiita, "Watoto wangu, njooni, kuna mnyama bafuni!"

Maneno yake tunayaigiza mpaka leo tukikutana. Mtu akilia: "Lia, mama, lakini usilie njiani, wenzako wanapita." Mtu akikataa kula: "Kwani maharage yamekukosea nini?" Mtu akijitetea sana: "Sijakuuliza. Nakutazama tu." Hili la mwisho ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Ungeweza kumdanganya mtu anayeuliza. Anayekutazama tu unamfanyaje?

Sasa niseme habari ya nyumbani, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini namkumbuka.

Miaka ile kahawa ilikuwa imeachiwa huru. Zamani mkulima alipeleka kahawa yake chama cha ushirika, akasubiri malipo mpaka akasahau kama alikuwa anadai. Halafu wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, wakilipa taslimu pale pale kwenye mzani. Wanaume wengi hawakuwahi kushika fedha nyingi kwa siku moja. Baba hakuwa mlevi, nimtendee haki. Baba alikuwa mtu wa kuvutwa. Fedha ya kahawa ilimvuta kwenye biashara ya usipa, biashara ya usipa ikamvuta Lituhi, na Lituhi kulikuwa na mwanamke anayekaanga samaki. Msimu wa pili akawa na nyumba huko.

Alipokuja nyumbani kulikuwa na ugomvi, na asipokuja kulikuwa na ukimya. Kipi kilikuwa kibaya zaidi, mpaka leo sijaamua. Walipofikia hatua ya kutosemezana, mimi kifungua mimba ndiye niliyekuwa njia. Mama alisema, "Mwambie baba yako chakula tayari." Baba, aliyekaa hatua tatu kutoka kwa mama, alisema, "Mwambie mama yako sina njaa." Nami nilisema. Niligeuka huku nikasema, nikageuka kule nikasema. Wadogo zangu waliona ni mchezo wakawa wanauigiza nje.

Nikiwa na miaka kumi na tano nilianza kujikata mkononi. Nalisema kavu hivyo kwa sababu nimechoka kulizungushia maneno. Vipi hasa, na kwa kitu gani, hilo halimsaidii mtu yeyote, naliacha. Sababu naweza kusema. Sikutaka kufa. Kulikuwa na kitu kifuani nisichoweza kukisema kwa baba wala kwa mama, maana maneno yangu yote yalikuwa yao, na nilitaka kihamie mahali ninapoweza kukiona. Kilihama kidogo tu. Kisha kilirudi, na aibu juu yake.

Nilikuwa na sweta la mitumba, la kijivu, lenye picha za wanyama wenye pembe ndefu kama matawi. Nchi yetu ni ya baridi, hakuna anayekuuliza kwa nini umevaa sweta. Hapo nilikuwa na bahati, kama ni bahati.

Matroni ndiye aliyeona. Ilikuwa siku ya kufua, nimejisahau, nimekunja mikono juu ya karai. Kandambili zake sikuzisikia kwa sababu alikuwa pekupeku, amezivua zisilowe. Akasimama. Akatazama mkono wangu wa kushoto kwa muda, kisha akanitazama usoni, akaenda zake.

Na hapa ndipo alipokosea, na kosa lake lisingeweza kufanywa na mtu wa kwingine. Kwetu mkono uliochanjwa una maana moja. Ni chale. Nani hana chale? Mtoto akiugua degedege huchanjwa, mtu akiumwa viungo huchanjwa, na mwenye adui naye huenda kwa mganga akachanjwa, dawa ikapakwa humo. Shule ilikuwa ya parokia, na miezi michache kabla kulikuwa na kasheshe ya wasichana kuanguka na kupiga kelele darasani, watu wakasema ni ushirikina. Basi Matroni alipoona mistari mipya mkononi mwangu hakufikiria zaidi. Alikwenda kwa mkuu wa shule akasema, wa Kingerikiti ametoka likizo na chale mbichi.

Yaani yeye ndiye aliyenichongea. Watu nikiwasimulia wema wake huwa naanza na hili, ili wasije wakanichorea malaika.

Mkuu wa shule akaniita. "Nani amekuchanja?" Nikanyamaza. "Ni mama yako aliyekupeleka?" Nikanyamaza. Ningesema nini? Neno la kitu nilichokuwa nafanya sikulijua. Mwizi nimemsikia, mchawi nimemsikia, mhuni nimemsikia. Msichana anayejikata mwenyewe sikuwahi kumsikia popote, si redioni, si kanisani, si kwenye masimulizi ya bibi. Nilidhani niko peke yangu duniani. Na chale, jamani, chale ilikuwa nafuu. Ilikuwa kosa ambalo watu wanalifahamu.

Ukimya wangu ukachukuliwa kuwa ndiyo. Wakampa dereva wa lori la kahawa ujumbe kwa baba: aje, mtoto amepelekwa kwa mganga. Mimi nikawekwa chumba cha wagonjwa, mlango umefungwa, ufunguo kwa Matroni, nisije nikawaambukiza wenzangu.

Siku ya pili yake zikaja habari kutoka nyumbani, na aliyezileta ni yule mrefu wa Kingerikiti, kaka yake alikuwa amepita mjini. Alinisemesha kupitia dirishani. Baba alikuwa amewaka moto. Alisema sasa ameelewa kila kitu: mama amemtumia mtoto, amemchanja ili dawa imrudishe yeye baba kutoka Lituhi. Amemroga kwa kutumia damu yake mwenyewe. Amemwambia mama afunge vitu vyake. Jumapili wazee wakikaa sengu watalimaliza, na mama atarudishwa kwao.

Mama yangu! Mama aliyekuwa anakwenda misa ya asubuhi kwa miguu akiwa na homa. Mama ambaye siku zote alisema mganga ni mtu anayekuuzia hofu yako mwenyewe. Na aliyekuwa anajua ukweli ni mimi tu, nimefungiwa chumbani, na ulimi umekufa.

Jioni ile nilifanya tena. Sijivunii, nasema tu. Matroni alipoleta uji asubuhi, akaweka kikombe mezani, akanishika mkono. Alikuwa na tabia ya kushika mkono wa mtu kwa viganja viwili, dole gumba juu. Dole gumba likapita, likasimama. Lilikuwa limefika palipo pabichi.

Akageuka akatazama mlango. Akautazama ule ufunguo kwenye kamba shingoni mwake. Akatazama dirisha lenye nondo. Niliona kabisa mambo yakipangika kichwani mwake moja baada ya jingine: hakuna mganga aliyeingia humu. Akakaa kitandani, kitanda kikalia.

"Mimi ni mjinga," alisema. "Mwanamke mzima, mjinga hivi."

Nikasubiri aniulize kwa nini. Hakuuliza. Aliuliza, "Inauma?"

"Baadaye," nilisema. "Baadaye ndiyo inauma."

"Mama yako anajua?"

Nikatikisa kichwa. Ndipo nilipomwambia yote: ya chakula tayari na sina njaa, ya nyumba ya Lituhi, ya Jumapili na sengu. Nililia kwa sauti mbaya, na kwa mara ya kwanza hakuniambia nisilie njiani. Nilipomaliza akapenga kamasi kwenye ncha ya kitenge chake na kusema, "Yule mwanamke wa Lituhi namfahamu. Si mchawi wala nini. Baba yako amemchosha na yeye." Hapo nilicheka, na nilijishangaa.

Kisha akatoka, akarudi na maji ya moto, chumvi, kitambaa safi, na kopo la maziwa ya unga ambalo ndani yake hamkuwa na maziwa bali mafuta ya mgando. Akasafisha palipohitaji kusafishwa, akafunga. Mahali pengine pote, penye makovu ya zamani, alipaka mafuta, polepole, mpaka kwenye kiwiko. Akapaka na mkono wa kulia ambao haukuwa na kitu. Nilimwuliza huu wa nini. Akasema, "Usije ukaona wivu."

Jumapili alinichukua akanipeleka nyumbani. Ruhusa alikwenda kuomba kwa mkuu wa shule, na sijui walisemezana nini, ila alitoka amevimba mashavu. Tulipata lori linalokwenda kuchukua kahawa, tukakaa juu ya magunia matupu, yeye na koti lake la kiume na rozari mkononi, akinisisitizia jambo moja tu njia nzima.

"Mimi sitasema badala yako. Usinitegee. Nitakaa karibu."

Kwa asiyejua sengu: ni mahali wanaume wa ukoo wanapokula pamoja, uani kwa babu. Kila mke analeta chakula cha nyumba yake, anakiweka, anaondoka. Wanaume wanakula vyungu vyote kwa pamoja, vya tajiri na vya maskini, kisha wanaongea mambo ya ukoo. Miaka ile sehemu nyingi ilikuwa imeshakufa, kila mtu anakula kwake na mlango umefungwa, lakini babu yangu alikuwa bado anaishikilia siku za Jumapili. Tulifika wameshaanza kula. Chungu cha mama kilikuwepo, nilikijua kwa ule ufa wa mdomoni. Walikuwa wanakula maharage yake, halafu wamjadili. Hilo liliniuma kuliko yote.

Matroni akasalimu kwa kupiga magoti kama inavyotakiwa, shikamooni wazee. Wakaitikia. Halafu badala ya kurudi nyuma kwa wanawake, akanawa mikono, akakaa chini pale pale, akamega ugali.

Baba mkubwa alibaki na tonge hewani. Mwanamke, tena mgeni, tena Mnyasa, anakula sengu!

"Mnisamehe wazee wangu," alisema akitafuna. "Nimetoka mbali na nina njaa. Haya maharage kayapika nani?"

Babu ndiye aliyesema, "Mke wa huyu," akimwonyesha baba kwa kidevu.

"Anajua kupika." Akalamba kidole. "Wazee, mimi ni matroni wa shule. Mimi ndiye niliyesema mtoto ana chale. Nimekosea. Nimesema uongo bila kujua. Langu limeisha. Mtoto ndiye mwenye neno."

Akaendelea kula. Kweli hakuongeza hata moja.

Nilisimama. Nilikuwa sijawahi kusimama mbele ya wale wazee isipokuwa kuwanawisha mikono. Kwenye kona ya nyumba nilimwona mama, amejifunga kanga ya kutokea, na kifurushi chake miguuni. Alikuwa ameshafunga vitu kweli. Nilianza kwa Kimatengo, lugha ya kwetu, sauti ikakatika. Nikaanza upya kwa Kiswahili, lugha ya shule, maana kwa Kimatengo ningelia tu nisimalize.

"Hakuna mganga," nilisema. "Mama hajui lolote. Ni mimi. Nimejikata mwenyewe."

Nikavua sweta.

Baba alisimama, akaja karibu. Alitazama mkono wangu kama anavyotazama mche wa kahawa ulioshikwa na ugonjwa, akiugeuza kidogo huku na huku. Sijawahi kumwona na uso ule.

"Nani amekufundisha?"

"Hakuna."

"Sasa kwa nini, mwanangu?"

Nilitaka kusema mengi. Nilichosema ni hiki: "Baba, mkitaka kuambiana jambo, ambianeni. Mimi nimechoka."

Kuku alikuja akadonoa ukoko kando ya mguu wa babu, hakuna aliyemfukuza. Babu akanawa mikono yake, akaikung'uta, akasema kwa Kimatengo kwamba mke haendi popote, na kwamba leo sengu haina mazungumzo mengine, watu wale wamalize. Mama akakiinua kile kifurushi akakirudisha ndani. Alipotoka alinijia, akanivalisha sweta kama mtoto mdogo, mkono huu, kisha huu. Hakuniuliza kitu siku ile. Aliniuliza baadaye, sana, na tuliongea, lakini siku ile alinivalisha sweta tu.

Msidhani mambo yalinyooka. Baba aliendelea kwenda Lituhi. Ugomvi haukuisha, ila sasa waligombana wao kwa wao, moja kwa moja, na mimi nilipoanza kugeuzwa njia tena, mama mwenyewe alishtuka akasema, "Basi, nitamwambia mwenyewe." Na mimi sikuacha mara moja. Matroni alinipeleka kwa sista mmoja wa hospitali, mtaratibu, aliyejua kuongea na watoto kuliko sisi wote, nikawa nakwenda kwake kila wiki mbili. Alikuwa mtu wa kwanza kuniambia kuna wengine kama mimi. Nilifurahi kusikia hivyo, halafu nikaona vibaya kwamba nimefurahi.

Lakini Jumamosi ndiyo ilikuwa ya Matroni.

Wiki ile ile tuliyorudi alitangaza bwenini kwamba baridi imezidi, ngozi za watoto wa watu zinapasuka, na yeye hataki wazazi waseme shule haina matunzo. Kuanzia sasa kila Jumamosi baada ya kuoga, kila msichana atapita mlangoni kwake na mikono wazi mpaka juu ya kiwiko, apakwe mafuta. Wote, kuanzia kidato cha kwanza mpaka viranja. Watu walinung'unika, kisha wakacheka, kisha wakazoea. Wakaiita sakramenti ya Matroni. Foleni ilifika mpaka kwenye matangi ya maji, na yeye kakaa kwenye kigoda na kopo lake, anapaka, anatania, anapita. "Wa Tingi, kucha hizi ni za kulimia?" "Wa Litembo, umenenepa, sifa kwa Mungu."

Mimi nilikaa katikati ya foleni kama mtu yeyote. Alinishika kwa viganja viwili, dole gumba likapita kutoka kifundo mpaka kiwiko, polepole kidogo kuliko kwa wengine, na akasema kwa sauti ya chini maneno mawili. "Hakuna mpya." Basi. "Anayefuata!"

Zilikuwepo Jumamosi ambazo dole lilisimama. "Kuna mpya," alisema, bila hasira, kwa sauti ile ile. Siku hizo hakunigombeza. Aliniambia nibaki nimsaidie kuchambua maharage, na tulichambua mpaka mikono ikachoka, nikisema nikitaka, nisiposema hakuna neno. Aliwahi kuniambia, "Mimi siwezi kukuzuia. Ninachoweza ni kuja kutazama." Nilikasirika. Nilitaka mtu wa kunizuia. Ila nikianza kutetemeka katikati ya wiki nilijikuta nafikiria, Jumamosi ataona. Sikuwa namwogopa. Nilikuwa sitaki tu dole lile lisimame.

Ilichukua zaidi ya mwaka. Halafu "hakuna mpya" zikafuatana mpaka nikaacha kuzihesabu.

Na niliona kitu kingine. Jumamosi moja, mbele yangu kwenye foleni, dole lilisimama kwenye mkono wa msichana wa kidato cha kwanza. Haikuwa kama yangu. Ilikuwa alama ya mtu aliyebanwa kwa nguvu na mkono mkubwa. Matroni akasema, "Wewe baki tuchambue maharage." Nilielewa hapo kwamba foleni ile aliianza kwa ajili yangu, lakini sasa ilikuwa na kazi nyingi.

Siku ya kutembelewa, muhula wa mwisho, baba alikuja peke yake. Alikaa nami chini ya mkaratusi tukala ndizi, akaniuliza habari za hesabu. Alipoondoka alipita kwa Matroni akamkabidhi kifurushi cha gazeti, akaondoka bila kusubiri asante. Ndani kulikuwa na kopo jipya la mafuta ya mgando, lile kubwa kuliko yote dukani. Baba yangu hakuwahi kuniomba radhi kwa mdomo mpaka alipokufa. Nilimsamehe kwa lile kopo, kama mtu anataka kujua.

Miaka imekwenda. Nina watoto watatu na meza ya maandazi karibu na stendi ya Mbinga. Mama yupo Kingerikiti, nyumba ile ile, na siku hizi anasema yeye ndiye mwenye nyumba. Mwaka juzi mdogo wangu wa kwa baba, binti wa yule mkaanga samaki, aliolewa Lituhi, na nikaenda. Mama mwenyewe ndiye aliyenisukuma, akanipa na debe la maharage ya kupeleka. Harusi ilipoisha nikauliza habari za Matroni. Yupo, wakaniambia, yule bibi wa nyumba ya pili kutoka kwenye vichanja vya usipa, lakini macho yamekwenda.

Nilimkuta barazani, miguu ile mikubwa ameinyoosha juani, anafukuza kunguru kwa fimbo bila kuwaona. Joto la Lituhi wanalijua wa Lituhi. Nilikuwa na gauni la mikono mifupi. Siku hizi navaa hivyo.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba. Nani?"

Badala ya kusema nikachuchumaa mbele yake, nikamwekea mikono yangu miwili mapajani.

Fimbo ikaanguka. Viganja vikafunga, vimekauka na vimekuwa vyepesi, dole gumba juu. Likaanza kifundoni, likapanda polepole juu ya ile mistari ya zamani, mmoja mmoja, na nikaona midomo yake ikianza kutabasamu.

"Wa Kingerikiti," alisema.

Kisha dole likasimama. Lilikuwa limefika karibu na kiwiko, mahali penye kovu jipya, la mwezi ule. Tabasamu likaondoka. Akanivuta karibu.

"Na hii?"

"Mafuta ya maandazi, Matroni," nilisema, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto wa kidato cha pili. "Karai liliteleza. Ni mafuta tu."

"Sijakuuliza hadithi. Geuka huku." Akanielekezea uso wake kana kwamba ananiona. "Kweli?"

"Kweli, Matroni. Haki ya Mungu."

Alinishika hivyo hivyo kwa muda, akisikiliza, sijui pumzi yangu, sijui mapigo. Mtu ambaye hajanisikia kwa miaka ishirini, ana haki gani ya kunihofia hivyo? Nililia, na sioni haja ya kuficha.

"Haya," alisema mwishowe. "Hakuna mpya."

Akapapasa kando ya mkeka mpaka akapata kopo, si lile la zamani, jingine. Akachota mafuta kwa vidole viwili, akanipaka mkono wa kushoto mpaka kiwiko, akalizunguka lile kovu la karai kwa uangalifu. Akachukua na wa kulia.

"Leo Jumatatu, Matroni," nilimwambia.

"Kwani Jumatatu ngozi haikauki?"